Kutoka Shule ya Machifu hadi Chuo Kikuu: Mzumbe na Malezi ya Watumishi wa Umma, kwa Mtazamo wa Kigoma

Chuo Kikuu Mzumbe, kilichojengwa chini ya milima ya Uluguru kando ya barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa, kimepitia maumbo matatu tangu kilipoanzishwa mwaka 1953. Kilianza kama shule ya serikali za mitaa ambamo machifu, madiwani na makarani wao walifundishwa kuendesha mabaraza. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho watu wengi wa rika la kati bado wanakiita IDM. Na mwaka 2001 Bunge likakifanya chuo kikuu kwa Sheria Na. 21 ya mwaka huo. Mabadiliko haya husimuliwa kwa kawaida kama safari ya kupanda daraja, kutoka cheti hadi stashahada na kutoka stashahada hadi shahada. Usomaji huo una ukweli wake, lakini unaficha jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni kwamba kila umbo lilizaliwa pale dola ilipobadili fikra zake kuhusu nani anastahili kutawala kijijini, na kwamba kwa kila badiliko mtumishi alizidi kulelewa kuwajibika kwa aliyemtuma kuliko kwa watu aliotumwa kwao.

Jambo hilo huonekana vizuri zaidi likitazamwa kutoka Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati, kuliko kutoka Morogoro. Reli hiyo iliyofika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1914 ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, nayo hupita Morogoro, Dodoma na Tabora, miji mitatu ambayo kila mmoja una au ulikuwa na chuo cha kuandaa watumishi, kabla ya kufika kwenye mji usio na chuo cha namna hiyo. Kwa muda wa zaidi ya karne moja Kigoma imepokea watawala waliofunzwa kwingine. Katika kata kama Rusimbi, iliyomo ndani ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji, dola humfikia mwananchi kupitia kwa mtendaji wa kata na watendaji wa mitaa, na hao ndio kipimo halisi cha mafunzo yote yanayotolewa mbali na hapo.

Kabla ya kuwapo chuo chochote, mamlaka katika Ujiji yalitokana na biashara, ukoo na kukubalika. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtambua Mwinyi Kheri, mfanyabiashara mkubwa wa mji huo, kuwa mwakilishi wake, na utambuzi huo uliongeza tu heshima ambayo Mwinyi Kheri alikuwa nayo tayari miongoni mwa Wajiji, Wamanyema na watu wa pwani waliohamia ziwani. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, chini ya Kapteni Hans Ramsay, walirithi cheo cha liwali, yaani mkuu wa mji anayesimamia kesi ndogo na kodi, wakakiunganisha na mfumo wa maakida na majumbe waliokuwa wameuanzisha pwani. Maakida na makarani wengi wa mfumo huo waliandaliwa katika shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ambako Kiswahili kwa herufi za Kilatini kilifundishwa kama lugha ya barua za serikali. Hiyo ndiyo mizizi ya kwanza ya mafunzo ya utumishi wa umma katika nchi hii, na inastahili kukumbukwa kwamba yalitolewa kwa Kiswahili.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta Wabelgiji, waliouteka mji wa Kigoma mwaka 1916 na kuutawala hadi mwaka 1921, walipoukabidhi kwa Waingereza huku wakibaki na haki zao bandarini. Ng'ambo ya mpaka, katika Ruanda-Urundi, Wabelgiji hao hao waliunda mwaka 1929 shule ya Astrida, mji unaoitwa sasa Huye, iliyoendeshwa na Mabruda wa Upendo na ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa wana wa watawala na wasaidizi wa utawala. Ulinganisho na Astrida ni wa lazima kwa yeyote anayeandika kuhusu upande wa mashariki wa ziwa, kwa sababu shule hiyo ilichagua wanafunzi wake kwa namna iliyokaza tofauti za Watutsi na Wahutu, na matokeo yake yalivuka mpaka miongo kadhaa baadaye yakiwa katika umbo la wakimbizi. Chuo cha maofisa humuandaa mtu kwa ajili ya kazi, na papo hapo huamua ni watu gani wataonekana kuwa wamezaliwa kutawala.

Waingereza walitumia kanuni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alisimika utawala usio wa moja kwa moja, ambao maana yake ni kuwatawala wananchi kupitia kwa watawala wa jadi wanaosimamiwa na mkuu wa wilaya wa Kizungu, Bwana Shauri, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ikaupa mfumo huo msingi wa kisheria. Mwaka 1925 shule ya serikali ya Tabora ilikwishafunguliwa kwa ajili ya wana wa machifu. Katika Buha, nchi ya Waha kwenye nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mfumo huu uliwakuta mabwami wa Heru, Muhambwe, Buyungu na tawala nyingine, ambao walitawala kwa kusaidiana na watwale waliosimamia maeneo, huku bateko, wazee wa mila za ardhi, wakiwa na madaraka yao juu ya mashamba na matambiko. Serikali ya kikoloni iliandika katika vitabu vyake ngazi mbili, mwami na mtwale, ikawalipa mishahara, ikawapa mahakama na hazina; mteko hakuwa na kifungu cha mshahara wala nafasi katika mafunzo yoyote. Hivyo mamlaka yaliyokuwa karibu zaidi na ardhi yaliachwa nje ya dola tangu mwanzo, na hasara hiyo haikuwahi kufidiwa.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 machifu peke yao hawakutosha tena. Kazi za mamlaka za wenyeji zilikuwa zimepanuka hadi shule, zahanati, masoko na barabara, na wakati huo huo madai ya uwakilishi yalikuwa yakiongezeka. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 iliruhusu kuundwa kwa halmashauri zenye wajumbe, na mwaka huo huo shule ya Mzumbe ikaanzishwa. Kilichofundishwa kilifuata mahitaji hayo: uandishi wa kumbukumbu za vikao, utunzaji wa fedha, uendeshaji wa mahakama za wenyeji na taratibu za halmashauri. Ilikuwa shule ya vitendo, ya kozi fupi, na wanafunzi wake walikuwa watu waliokwisha kuwa na madaraka nyumbani kwao. Sifa hii ya mwisho ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwani mtu aliyetoka Buha kwenda Mzumbe alirudi Buha, na waliomhukumu kwa kazi yake walikuwa ni wale wale waliomjua kabla hajaondoka. Mwami Theresa Ntare wa Heru, mmoja wa wanawake wachache waliotawala kwa cheo hicho, ambaye baadaye aliingia pia katika siasa za kitaifa, ni mfano wa kizazi kilichosimama katikati ya utawala wa ukoo na utawala wa baraza.

Uhuru uliondoa msingi huo kwa haraka. Mwaka 1963 sheria ya kufuta vyeo vya machifu ilipitishwa, na mwaka huo huo Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikaunganisha mahakama za wenyeji na mahakama nyingine za nchi, ili mwami asiwe tena hakimu na mtawala kwa pamoja. Mzumbe ikageuka mara moja kuwaandaa watu wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi: mahakimu wa mahakama za mwanzo, maofisa wa maendeleo vijijini, watumishi wa halmashauri. Dar es Salaam nako Chuo Kikuu Kishiriki, kilichofunguliwa mwaka 1961, kilipata taasisi ya utawala wa umma iliyoandaa maofisa wa ngazi ya juu kuchukua nafasi za Waingereza, kazi iliyosukumwa kwa nguvu na Rashidi Kawawa alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kivukoni, pia mwaka 1961, kilianza kuwalea viongozi wa siasa. Mgawanyo huo wa kazi ulikuwa wazi: ofisa mkuu aliandaliwa chuo kikuu, kada wa chama Kivukoni, na mtumishi wa chini Mzumbe. Hofu iliyosukuma haraka yote hiyo ilikuwa na sababu iliyoonekana kwa macho kutoka Kigoma, kwa kuwa ng'ambo ya ziwa Kongo ilikuwa imepata uhuru mwaka 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wachache mno wa kuendesha nchi kubwa kiasi hicho, na boti za waliokimbia vita zilikuwa zikitia nanga Kigoma na Ujiji.

Mwaka 1972 unahitaji kukaliwa kwa muda mrefu, kwa sababu ndio mwaka ambao historia ya chuo na historia ya mkoa zilikutana. Serikali ilitangaza Madaraka Mikoani, mpango uliotokana na ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, uliohamisha watumishi na mafungu ya fedha kutoka wizarani kwenda mikoani na wilayani chini ya wakurugenzi wa maendeleo. Ili kuupisha mpango huo halmashauri za wilaya zilifutwa, na zile za miji zikafuata mwaka 1973. Shule iliyoanzishwa kwa ajili ya serikali za mitaa ilijikuta haina serikali za mitaa za kuzihudumia. Ikaunganishwa na taasisi ya utawala wa umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na muungano huo ukazaa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho jina lake lenyewe lilieleza itikadi ya wakati huo: kazi ya ofisa ilikuwa kuleta maendeleo, na maendeleo yalichukuliwa kuwa jambo linaloweza kusimamiwa kama mradi.

Huko Kigoma mwaka huo huo ulikuwa mwaka wa Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za awali kabisa za kuwahamishia wananchi katika vijiji vya pamoja. Familia za Waha zilizokuwa zimetawanyika juu ya vilima, kila moja na migomba yake, zilitakiwa kuhamia kwenye maeneo yaliyopimwa, mara nyingi kando ya barabara. Mwaka huo huo tena, kuanzia mwezi Aprili, mauaji ya halaiki nchini Burundi yaliwasukuma makumi ya maelfu ya watu kuvuka mpaka na kuingia mkoani kwa miguu na kwa mitumbwi, ambao wengi wao serikali iliwahamishia baadaye Ulyankulu na Katumba. Ofisa mmoja wa wilaya, kwa hiyo, alikuwa na kazi tatu zilizogongana: kuhamisha wenyeji, kupokea wageni, na kujenga ofisi mpya isiyo na halmashauri ya kuiuliza maswali. Mwaka 1974 mradi wa maendeleo vijijini wa Kigoma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliongeza kazi ya nne, yaani kuandaa bajeti, taarifa za robo mwaka na tathmini kwa vigezo vya mfadhili.

Ni katika mazingira hayo ndipo mtaala wa IDM unapoeleweka. Uhasibu, utawala wa umma, mipango ya maendeleo vijijini na uongozi wa biashara, masomo yaliyokamilishwa kwa stashahada ya juu, yalimwandaa mtu anayeweza kusoma mafungu, kupanga watumishi na kuandika taarifa inayosomeka Dodoma, Dar es Salaam au Washington. Haya si mambo madogo, na ni haki kusema kwamba bila wahasibu na maofisa utumishi waliotoka Mzumbe mikoa ya pembezoni ingeendeshwa kwa kubahatisha. Wahitimu hao walizishika ofisi za mikoa na wilaya nchi nzima kwa miaka thelathini. Hata hivyo, Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa mwaka 1971 ulikuwa umekwisha kuonya dhidi ya viongozi wenye majivuno na wanaoamuru badala ya kushirikisha, na onyo hilo halikuweza kutimizwa darasani wakati muundo wa utawala nje ya darasa ulikuwa umeondoa vikao ambavyo mwananchi angeweza kumbana ofisa. Chuo hakiwezi kufundisha uwajibikaji kwa wananchi pale ambapo sheria imefuta chombo cha kuudai. Lawama juu ya operesheni za vijiji mara nyingi huwaangukia maofisa vijana waliozitekeleza. Sehemu yake kubwa inastahili kuwaangukia waliofuta halmashauri.

Kosa hilo lilitambuliwa na dola yenyewe. Huduma za mijini zilidorora kiasi kwamba halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, baada ya kipindupindu kuonyesha maana ya mji usio na mwenye dhamana ya maji na taka. Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa wilayani na mijini, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Lakini katika miaka hiyo kumi na miwili kumbukumbu ya taasisi ilikuwa imepotea. Mzumbe haikurudi kuwa shule ya madiwani na watendaji. Ilikuwa imekwisha kuwa chuo cha mameneja, na ilipendelea kubaki hivyo. Pengo lilizibwa kwa kuchelewa, mwaka 1994, Bunge lilipotunga sheria ya kuanzisha Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, mkoani Dodoma. Inafaa kuzingatiwa kwamba kwa miaka kumi halmashauri zilizorejeshwa ziliendeshwa bila chuo chao wenyewe, na ndiyo miaka ambayo uchumi ulianguka, mishahara ikapoteza thamani, na serikali ikaanza kupunguza watumishi kwa masharti ya wafadhili.

Tangu mwaka 2000 ramani ya vyuo imekuwa pana. Chuo cha Utumishi wa Umma kilianzishwa mwaka huo kama wakala wa serikali, kikachukua chuo cha Magogoni, Dar es Salaam, na Chuo cha Uhazili Tabora, kisha kikafungua matawi Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya. Kwa watu wa Kigoma tawi la karibu ni Tabora, takriban kilomita 400 kwa reli, na vijana wengi wa mkoa huo wamejifunza huko uhazili na utunzaji wa kumbukumbu. Taasisi ya Uongozi ilifuata mwaka 2010 kwa ajili ya viongozi wa juu. Kwingineko mwelekeo umekuwa wa namna nyingi: Kenya ilikigeuza chuo chake cha Kabete kuwa Shule ya Serikali ya Kenya kwa sheria ya mwaka 2012, wakati Ufaransa iliifunga mwishoni mwa 2021 shule yake mashuhuri ya utawala iliyoanzishwa mwaka 1945, baada ya miaka mingi ya malalamiko kwamba ilizalisha tabaka la watawala waliofanana. Mzumbe kwa upande wake, ikiwa chuo kikuu chenye ndaki Mbeya na Dar es Salaam, hufundisha sheria, biashara, uchumi na utawala kwa yeyote mwenye sifa na ada. Mhitimu wake wa leo anaweza kuajiriwa benki kama anavyoweza kuajiriwa halmashauri. Uhuru huo ni mzuri kwa kijana, ila umekata uzi uliounganisha chuo na ofisi maalumu ya umma.

Matokeo yake ni kwamba mafunzo yamegawanyika kwa kufuata cheo kuliko kwa kufuata uzito wa kazi. Mkurugenzi wa manispaa, anayeteuliwa na Rais, huwa na shahada na mara nyingi shahada ya pili. Tangazo la nafasi ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa, kwa maneno ambayo watafutaji wa ajira wanayajua kwa moyo, hutaka aliyemaliza kidato cha nne au cha sita mwenye astashahada au stashahada ya fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha kutoka Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Mtu huyo ndiye katibu wa vikao vya mtaa, mkusanyaji wa ushuru, msuluhishi wa ugomvi wa mipaka ya viwanja, mwandishi wa barua za utambulisho zinazoombwa na benki, shule na ofisi ya vitambulisho vya taifa. Katika mji ambao wakazi wake wa asili ya Manyema, Bwari na Bembe wana jamaa pande zote za ziwa, barua hiyo ya utambulisho ni uamuzi mzito kuhusu uraia wa mtu, nao hufanywa na mtumishi aliyefunzwa kwa muda mfupi kuliko wote walio juu yake.

Lugha nayo imeongeza umbali. Vikao vya mtaa, vya kamati ya maendeleo ya kata na vya baraza la madiwani huendeshwa na kuandikwa kwa Kiswahili, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Lakini shahada ya utawala wa umma bado husomwa kwa Kiingereza. Mhitimu hujifunza nadharia ya ushirikishwaji kwa lugha ambayo hataitumia hata siku moja kuwashirikisha wakazi wa Rusimbi au wa Buhigwe. Shule ya Tanga ya Wajerumani, pamoja na ubaya wote wa utawala ulioitumia, haikuwa na kasoro hiyo.

Upo pia mgongano wa sheria na malezi. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 inajengwa juu ya sifa, ushindani na kutofungamana na chama, na vyuo vyote hufundisha misingi hiyo. Hata hivyo wakurugenzi wa halmashauri wamekuwa pia wasimamizi wa uchaguzi, jambo ambalo Mahakama Kuu ililikataa mwezi Mei 2019 na Mahakama ya Rufani ikaliruhusu mwezi Oktoba mwaka huo huo. Bila kujali upande upi ulikuwa na hoja bora ya kisheria, mkurugenzi aliye katika nafasi hiyo hujikuta akitazamwa na wakazi kwa macho mawili, na hakuna kozi inayoweza kumwondolea mashaka hayo kwa sababu yanatokana na uteuzi wake.

Kazi ambazo mkoa wa Kigoma huwapa watumishi wake hazifanani na zile ambazo mitaala ya kitaifa hudhania. Tangu mwaka 1996 kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwapo wilayani Kasulu, na wilaya mpya za Buhigwe, Kakonko na Uvinza, zilizoundwa mwaka 2012, zilianza maisha yake zikiwa na mpaka, msitu au ziwa la kusimamia kabla hazijawa na majengo ya ofisi. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazochangia Ziwa Tanganyika, uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki na dagaa wazaliane. Makubaliano hayo yalifikiwa na mawaziri na wataalamu, lakini kuwaeleza wavuvi wa Kibirizi na wachuuzi wa dagaa wa Ujiji kwa nini wakae miezi mitatu bila kipato, kuzuia boti zisitoke usiku, na kusikiliza kilio cha kaya zenye mikopo ya vikundi, vyote vilikuwa kazi ya watendaji wa kata na mitaa kwa kushirikiana na maofisa uvuvi. Hoja ya kuwa na tawi la mafunzo ya serikali za mitaa mkoani Kigoma, linalofundisha kwa Kiswahili masuala ya mpaka, ukimbizi, uraia na rasilimali za ziwa, na kupokea wanafunzi ambao tayari wako kazini kama ilivyokuwa Mzumbe ya mwaka 1953, inatokana na kazi hizo, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya maamuzi mabaya yanayofanywa kila siku na mtumishi ambaye hakuna aliyemwandaa kuyafanya.